Nesi wa Mkataba Kwenye Wodi Ngeni: Mwongozo Kamili wa Kuelewana na Wenyeji Tangu Zamu ya Kwanza

Swali linalonifikia kuliko yote halihusu leseni wala malipo. Ni hili: "Nimefika, najituma, mbona hawanitaki?" Anayeuliza huwa ni nesi hodari, mwenye miaka ya uzoefu, akiwa wiki ya pili au ya tatu ya mkataba wake wa kwanza wa kusafiri. Wengine huniandikia mkataba ukiwa umeshakatizwa.

Nikiwasikiliza, wanajikwaa pale pale. Si kwenye kutoboa mshipa wala kusoma mapigo ya moyo. Wanajikwaa kwenye maneno ya saa ya kwanza, kwenye namna ya kuuliza, na kwenye kutojua lini wakubali na lini wakatae.

Mwongozo huu ni wa nesi anayefanya kazi Marekani kupitia wakala, kwa mikataba ambayo mara nyingi ni ya wiki 13. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wodini jembe hutolewa mapema zaidi: hospitali nyingi hukupa zamu moja au mbili za kuonyeshwa mazingira, kisha wagonjwa ni wako. Ndiyo maana hatua nyingi hapa zinahusu siku chache za mwanzo.

## Vitu vya kuandaa

- Leseni. Kama makazi yako ya kudumu yako kwenye jimbo lililojiunga na mapatano ya leseni ya pamoja, unaweza kupata leseni moja inayokuruhusu kufanya kazi kwenye majimbo yote wanachama. California haimo. Huko unaomba leseni yao peke yake, na uiombe mapema.
- Vyeti vya BLS (huduma ya msingi ya kuokoa maisha), na ACLS (ya hali ya juu, kwa dharura za moyo) kwa wodi zinazokihitaji. Huisha baada ya miaka 2. Hakikisha haviishi katikati ya mkataba.
- Kumbukumbu za chanjo, majibu ya kipimo cha kifua kikuu, na uthibitisho wa kupimwa barakoa ya N95, ambao hurudiwa kila mwaka.
- Nakala ya mkataba, kwenye simu na kwenye karatasi.
- Namba ya wakala inayopokelewa usiku. Ijaribu kabla hujaihitaji.
- Stetoskopu, kalamu za kutosha, mkasi, taa ndogo ya kumulika macho. Mgeni anayeazima kalamu kila saa huchosha.
- Daftari linaloingia mfukoni. Nitalirudia mara nyingi.
- Akiba ya matumizi ya mwezi mmoja au zaidi. Hili linaonekana la kando, lakini nesi anayeogopa kukosa kodi ya nyumba hushindwa kusema hapana pale usalama wa mgonjwa unapomtaka aseme.

## Hatua ya 1: Soma mkataba kabla hujasaini

Ugomvi mwingi kati ya nesi wa mkataba na kiongozi wa zamu huzaliwa na mkataba ambao mmoja hakuusoma na mwingine hajawahi kuuona. Saa nne usiku unaambiwa uende wodi nyingine, unawaka: "Mimi niliajiriwa kwa wodi hii!" Kumbe ukurasa wa tatu unasema unaweza kupelekwa popote penye ujuzi wako.

Tafuta mambo manne kwenye karatasi hiyo. Unahakikishiwa saa ngapi kwa wiki, na hospitali inaruhusiwa kukufutia zamu ngapi bila kukulipa? Wodi gani unaweza kuhamishiwa? Mkataba ukikatizwa, na nani, kunatokea nini? Siku zako za mapumziko zimeandikwa? Siku ambayo haikuandikwa, ichukulie kuwa haipo.

Kwenye mahojiano na meneja wa wodi, uliza wewe pia: nesi mmoja hupewa wagonjwa wangapi usiku? Mnatumia mfumo gani wa kumbukumbu, Epic, Meditech au mwingine? Wanaohitajika wodi nyingine wakitafutwa, ni nani huanza? Kwa kawaida ni nesi wa mkataba, na ni heri ukalijua kabla. Swali la idadi ya wagonjwa lina uzito wa pekee, kwa sababu majimbo mengi hayana sheria inayoweka kikomo kwa kila wodi. California inayo tangu 2004, na sasa ni hivi: chumba cha wagonjwa mahututi nesi mmoja kwa wagonjwa 2, wodi ya kawaida ya magonjwa na upasuaji mmoja kwa 5. Kwingine usidhani, uliza.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza rafiki, bila kufungua karatasi, nini kitatokea wakikuhamisha wodi leo usiku.

## Hatua ya 2: Siku ya kuonyeshwa, gusa kila kitu

Siku hiyo hutolewa maelezo mengi ya jumla. Yasikilize, lakini usitoke hapo kabla hujafanya yafuatayo kwa mikono yako mwenyewe.

Ingia kwenye mfumo wa kumbukumbu. Fungua kabati la dawa la kielektroniki, liwe Pyxis au Omnicell, na uone jina lako linakubaliwa. Jaribu kitambulisho chako kwenye kipimo cha sukari. Fungua mlango wa stoo. Hapa ndipo wengi huangukia. Wanafika zamu ya kwanza ya usiku, kabati la dawa halimtambui mtu, na ofisi ya kompyuta ina foleni. Usiku mzima unamwomba mwenzako akutolee kila kidonge. Hata awe mwema namna gani, ifikapo saa tisa usiku amechoka nawe, na si kosa lake.

Onyo: usitumie nywila ya mtu mwingine hata akikupa kwa moyo mweupe. Kila dawa hubeba jina la aliyefungua droo.

Kisha tembea na daftari, uandike: toroli la dharura liko wapi, namba ya kupiga mgonjwa akizimia ni ipi, oksijeni ya kubebeka iko wapi, nani huitwa mgonjwa akianza kubadilika. Andika pia maana ya misimbo ya rangi inayotangazwa kwenye vipaza sauti, kwa sababu haifanani. Kijivu hospitali moja huita walinzi kwa mtu mwenye fujo, hospitali nyingine hutangaza hali mbaya ya hewa.

Rangi za bangili za wagonjwa ni hivyo hivyo, na hili ningependa ulisome taratibu. Mwaka 2005 huko Pennsylvania, nesi aliyekuwa akifanya kazi kwenye hospitali zaidi ya moja alimvalisha mgonjwa bangili ya njano, akikusudia kuonya kwamba mkono ule usitolewe damu. Ndivyo njano ilivyomaanisha kwenye hospitali yake nyingine. Kwenye hospitali aliyokuwamo siku hiyo, njano ilimaanisha mgonjwa asifufuliwe. Moyo wa mgonjwa uliposimama, nusura aachwe. Alipona kwa sababu mhudumu mwingine aligundua kosa kwa wakati. Baada ya hapo majimbo mengi yalielekea kwenye rangi za aina moja: zambarau kwa asiyefufuliwa, nyekundu kwa mwenye mzio, njano kwa aliye katika hatari ya kuanguka. Hata hivyo, kila hospitali mpya, uliza upya. Nesi yule hakuwa mzembe. Alikuwa mgeni aliyebeba mazoea ya nyumba nyingine.

Utajua umefaulu ukiweza kulifikia toroli la dharura bila kumuuliza mtu.

## Hatua ya 3: Jitambulishe, tena kwa kila mtu

Fika mapema kidogo. Nenda kwa kiongozi wa zamu, taja jina lako, kisha useme mambo matatu: uzoefu wako, usichokijua hapa, na utayari wako wa kuuliza. Mfano: "Mimi ni nesi wa mkataba, nimefanya wodi ya upasuaji miaka saba. Mfumo wenu wa kumbukumbu naufahamu, pampu zenu za dripu ni mpya kwangu. Nani nimuulize nikikwama?"

Sentensi ya katikati ndiyo yenye kazi. Kiongozi wa zamu hamjui mgeni na ana hofu ya kweli: je, huyu ataficha asichokijua hadi mgonjwa aumie? Ukikitaja mwenyewe, hofu inapungua, na kuna uwezekano akupe wagonjwa wanaokufaa usiku wa kwanza.

Usiishie kwa manesi. Msalimie msaidizi wa wauguzi, karani wa wodi, mfanyakazi wa usafi, mtaalamu wa upumuaji. Andika majina yao daftarini. Kwenye mkataba wangu wa kwanza, mtu aliyeniokoa alikuwa msaidizi wa wauguzi aliyekaa wodi ile miaka mingi. Saa kumi na moja alfajiri alinishika kiwiko mlangoni mwa chumba, akaninong'oneza: "Mama huyu huwa anajibu kwa utani. Leo hajibu kwa utani." Nilirudi kitandani nikamwambia mgonjwa atabasamu. Upande mmoja wa mdomo ulibaki ulipokuwa. Tuliita timu ya kiharusi dakika ile ile. Mimi nisingejua kuwa mama yule ni mcheshi, maana nilikuwa nimemjua kwa muda wa saa kumi tu. Msaidizi yule alinifuata kwa sababu jioni nilimsalimia kwa jina na kumuuliza anapendelea tugawane vipi kazi ya kugeuza wagonjwa.

Utajua umefaulu watu wakianza kukuita kwa jina badala ya "yule wa mkataba".

## Hatua ya 4: Makabidhiano yafanyike kando ya kitanda

Mgeni hana kumbukumbu ya jana. Mwenyeji akiambiwa "mgonjwa yuko vile vile", anajua vile vile ni vipi. Wewe hujui. Kwa hiyo omba mwingie chumbani pamoja: mhakikishe jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye bangili, muangalie dripu zinazopita na kasi yake, mahali pa sindano, vidonda, mirija.

Namna ya kuomba ndiyo hoja. Ukisema "nataka kuona kila kitu", anayeondoka amechoka na atasikia kwamba humwamini. Sema: "Sijamzoea mgonjwa huyu, naomba tuangalie dripu pamoja halafu nikuachie uende nyumbani." Maneno haya yanamweka kwenye nafasi ya anayejua, ambayo kweli ni yake.

Ukikuta jambo halijafanyika, lifanye. Kama ni dogo, usilitangaze. Kama ni la hatari, mwambie yeye kwanza, ana kwa ana, kisha kiongozi wa zamu. Kwenda moja kwa moja kwa meneja wiki ya kwanza kutakufungia milango hata ukiwa na haki, isipokuwa mgonjwa ameshadhurika.

## Hatua ya 5: Uliza swali la mahali

Yako maswali ya taaluma na yako maswali ya mahali. "Potasiamu hutolewaje?" ni swali la taaluma, na likitoka kwa mgeni linatisha. "Hapa potasiamu mnaipata kabatini au mfamasia huileta?" ni swali la mahali, na kila mtu hulijibu kwa furaha. Mara nyingi unachotaka kujua ni hicho cha pili. Ni maneno tu yamekosewa. Kama kweli ni la taaluma, usione haya: piga simu famasia au fungua mwongozo wa hospitali. Kukisia ni vibaya kuliko yote.

Yasiyo ya haraka yakusanye daftarini, uyaulize matano kwa pamoja mtu akiwa amekaa. Usimkatize anayehesabu dawa.

Kisha kuna sentensi moja ya kuiacha nyumbani: "Kule nilikotoka tulikuwa tunafanya hivi." Niliitamka zamu yangu ya pili, kuhusu namna ya kupanga vifaa vya kubadilishia bandeji, na nilikuwa na nia njema kabisa. Nesi aliyekuwa akinielekeza aliacha kuongea. Akamaliza kupanga vifaa kimya, akafunga droo, akasema, "Sawa." Ilipita wiki mbili kabla hajanielekeza kitu kingine bila kuulizwa. Baadaye nilifahamu kwamba droo ile aliipanga yeye, baada ya kuomba ruhusa miezi kadhaa.

Ukiwa na njia bora kweli, subiri uulizwe, au ingoje wiki ya sita. Kufikia hapo utakuwa umeelewa kwa nini wao hufanya tofauti, na mara nyingine utaona wao ndio walio sahihi.

## Hatua ya 6: Saidia mahali panapoonekana

Kengele ya mgonjwa asiye wako ikilia na wewe una nafasi, ingia. Mwenzako akimgeuza mgonjwa mzito, shika upande wa pili. Akipokea mgonjwa mpya, mpimie presha na joto. Mambo haya huchukua dakika tatu na huzungumzwa wiki nzima. Lakini wa kwako kwanza. Mgeni anayesaidia wote huku dawa za wagonjwa wake zimechelewa hajasaidia mtu.

## Hatua ya 7: Mpigie daktari ukiwa umejipanga

Daktari hakujui, na saa nane usiku hana subira ya kukujua. Tumia mpangilio wa SBAR, unaofahamika sana hospitalini: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yako, na unachoomba. Kabla ya kupiga, fungua faili, pima vipimo upya, jua mizio ya mgonjwa.

Inaweza kwenda hivi: "Daktari, naitwa fulani, nesi wa chumba cha 12. Presha imeshuka hadi 84 kwa 50. Saa moja jioni ilikuwa 118 kwa 70. Alifanyiwa upasuaji wa utumbo jana. Mapigo 122, ngozi ya baridi, mkojo mililita 15 kwa saa mbili. Nahofu anavuja damu ndani. Timu ya dharura nimeshaiita. Naomba uje umwone sasa, na nikuulize kuhusu dripu na vipimo vya damu."

Akitoa oda kwa simu, iandike, kisha msomee ulivyoandika akubali. Ni kinga yenu nyote wawili, na hasa yako kama lafudhi yako ni ngeni masikioni mwake. Usione haya kwa lafudhi. Punguza kasi, taja tarakimu moja moja, maana kwa Kiingereza "fifteen" husikika kama "fifty": sema "fifteen, one-five".

Utajua umefaulu daktari akianza kukuuliza wewe unaonaje.

## Hatua ya 8: Mgawanyo mbaya wa wagonjwa

Siku itafika utakapopewa wagonjwa wazito kuliko wengine wote. Jiulize swali moja: ni mzigo mzito, au ni hatari?

Mzito ni wagonjwa watano wanaohitaji kugeuzwa na kulishwa. Beba, omba msaada, na ukiona inajirudia, mwambie kiongozi wa zamu kwa utulivu: "Zamu tatu zilizopita nimepata vyumba hivi. Kesho tunaweza kubadilishana?" Wengi hawakukusudia, walikuwa wanawalinda watu wao waliochoka. Sisemi ni haki. Nasema maneno matulivu hurekebisha hili mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatari ni kupewa kazi usiyofunzwa: mashine usiyowahi kuigusa, watoto wachanga wakati wewe ni wa watu wazima. Hapo kataa, na wakati wa kukataa ni kabla ya kupokea makabidhiano. Ukishapokea wagonjwa kisha ukaondoka bila kumkabidhi mtu, unaweza kushtakiwa kwa kuwatelekeza, na leseni yako ikaingia hatarini.

Sema hivi: "Sijafunzwa mashine hii, nikiitumia naweza kumdhuru mgonjwa. Naweza kuchukua hawa wengine, au kumsaidia nesi anayeijua." Umekataa sehemu moja, umetoa njia mbili. Kisha piga ile namba ya wakala ya usiku, na uandike saa, uliyemwambia, na jibu alilokupa. Andika mambo yalivyotokea, bila hasira.

## Hatua ya 9: Pesa na makundi

Wenyeji wanaamini unalipwa zaidi yao, na mara nyingi ni kweli. Usitaje kiasi. Ukiulizwa: "Inategemea mkataba, na nyumba najitafutia mwenyewe." Kisha badili mazungumzo. Mtu aliyekaa wodi hiyo miaka kumi ana uchungu halali juu ya jambo hili, na wewe si wa kulitatua kwenye chumba cha mapumziko.

Wodi ikiwa na kambi mbili, zote zitakuvuta, kila moja ikitaka shahidi mpya. Sikiliza, itikia kwa upole, usirudie neno la mtu.

## Hatua ya 10: Usivunje jicho lako

Ipo methali ya ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kwa mambo ya nyumba ifuate: nani anakaa kiti gani, mapumziko hupangwaje, bandeji hukunjwaje. Kwa dawa, usiifuate kamwe.

Mtego unaowanasa wageni ni wa kusaini ushahidi. Mwenzako ametoa mofini, dawa kali ya maumivu inayodhibitiwa, mgonjwa amepewa nusu, nusu inapaswa kumwagwa mbele ya shahidi. Anakuita kutoka mbali: "Nisainie, nimeshamwaga." Wewe ni mpya, unataka kupendwa, unasaini. Miezi miwili baadaye kunafanyika ukaguzi wa dawa zilizopotea, na jina lako limo.

Jibu ni moja, kwa watu wote, tangu siku ya kwanza: "Nakuja nione, kisha nasaini." Likisemwa kwa kila mtu halimdhalilishi yeyote. Vivyo hivyo kwa insulini au heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mahali ambapo hospitali inataka manesi wawili wahakikishe: soma oda mwenyewe, tazama bomba la sindano mwenyewe. Wapo watakaokununia siku moja. Nesi mmoja aliyeninunia namna hiyo ndiye baadaye aliyekuwa akinitafuta kila alipohitaji mtu wa kuhakikisha dripu ya heparini.

## Hatua ya 11: Wiki ya pili, wiki ya tisa, na zamu ya mwisho

Wiki ya pili, muulize kiongozi wa zamu au meneja: "Kuna jambo moja ungependa nilifanye tofauti?" Litaje neno "moja", maana ukiuliza kwa ujumla utaambiwa kila kitu kiko sawa. Akikutajia, lirekebishe zamu inayofuata, na umwambie umelirekebisha. Mikataba mingi inayokatizwa ingeokolewa na mazungumzo haya ya dakika mbili.

Karibu na wiki ya tisa, kama unapenda kuendelea, mwambie meneja kabla hajatafuta mwingine, kisha wakala wako. Kama huendelei, omba tathmini ya maandishi sasa hivi, meneja akiwa bado anakukumbuka na hajahamishwa.

Zamu ya mwisho usiitoroke kwa kisingizio cha homa. Kabidhi wagonjwa wako kando ya kitanda kama siku zote, rudisha kitambulisho na funguo, na uhakikishe saa zako zote zimethibitishwa kabla hujatoka jengoni. Ukurasa wa daftari wenye majina, namba na mahali pa vitu, uache bila jina la mgonjwa hata mmoja, umpe nesi wa mkataba anayekuja baada yako.